Mwito wa Nne Mlangoni

Hapo zamani, zamani ya vyungu kabla sufuria hazijaletwa, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Udongoni. Sogeeni. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, urudishe, maana hadithi hii haipendi mlango wazi.

Udongoni kulikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa hata siku ya harusi. Jua lilipokaribia kilima, mama wa nyumba alisimama kizingitini akawaita watoto wake, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo," akaingia ndani. Mama aliita mara tatu. Mara ya tatu ikiisha na jua likizama, komeo lilitiwa, na asiyeitika alibaki nje. Mtasema walikuwa na roho ngumu. Nami nasema walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nyuma ya kijiji, si mbali.

Ilikuwa shimo la udongo. Mama zao na bibi zao walichimba pale miaka na miaka, hata hakuna aliyejua kina chake. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, na chungu chake hakikupasuka motoni. Lakini shimo lilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyepata kumwona. Walimjua kwa sauti tu, na hata hiyo sauti haikuwa yake, aliiazima. Magharibi ikiingia, aliita watoto kwa sauti za mama zao. Mtoto akikosea akaitika "Nipo," basi tena.

Kwa ajili hiyo majina ya Udongoni hayakutolewa ovyo. Jina la mtoto lilitakiwa likae vizuri na majina ya ndugu zake, mama ayaite yote kwa pumzi moja asijikwae. Na mtoto mchanga hakuwa na jina mpaka siku ya arobaini. Kabla ya hapo aliitwa mgeni tu. Siku ya arobaini, kabla jua halijazama, jina lake liliingizwa kwenye mwito, na alifinyangiwa chungu chake kidogo. Aliyetoa jina ni yule aliyekuwa na haki kubwa zaidi juu ya uhai wa mtoto. Lakini arobaini ikipita bila jina, basi yeyote aliweza kumwita apendavyo, na mtoto angekuwa wake. Yeyote, nimesema. Hata asiye mtu.

Haya. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Kidawa, fundi wa mitungi, pamoja na mumewe Mhina na mama mkwe wake, Bi Mkunde. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, Sikitu. Wa pili alikuwa mvulana, Siwatu. Majina hayo aliyatoa Bi Mkunde, naye alijua anachokifanya.

"Mwenye Shimo akiuliza kuna nini humu, ataambiwa si kitu," alisema. "Akiuliza wanaolala humu ni watu, ataambiwa si watu. Atapita zake."

Ulikuwa ujanja wa kizee, nanyi msiucheke, maana ulifanya kazi.

Wa tatu akazaliwa msichana mwenye nywele tele, mwepesi wa kucheka. Mhina alipompakata akasahau yote aliyofundishwa na mama yake.

"Huyu simfichi," alisema. "Huyu ni tunu yangu, na ataitwa Tunu."

"Umeweka taa dirishani, mwanangu," Bi Mkunde akamwambia.

Mhina akacheka. Mwito wa nyumba ile ukawa Sikitu, Siwatu, Tunu. Kila jioni lile jina la tatu lilimkwama Kidawa kidogo mdomoni, kwa kuwa halikufanana na mawili ya mwanzo. Lakini ndilo alilolipenda kuliko yote.

Jioni moja, Tunu ana miaka minne na baba yake yuko safarini, Kidawa akasimama kuita. Sikitu. Nipo. Siwatu. Nipo. Tunu. Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu aliita kwa kupiga ukelele, na kutoka upande wa shimo akasikia sauti yake mwenyewe ikiita pamoja naye, taratibu, kwa upole: "Tunu! Njoo, mama, njoo." Na sauti ndogo ikajibu kule kule: "Nipo."

Kidawa akaruka kizingiti. Bi Mkunde akamdaka kwa nyuma, akamvuta ndani, akatia komeo na kuuegemea mlango kwa mgongo.

"Mara ya tatu imeisha," alisema. "Nina wajukuu wawili humu ndani."

Kidawa alimpiga, akamng'ata mkono. Mlango haukufunguliwa. Asubuhi waliukuta ushanga wa mtoto ukingoni mwa shimo, na udongo mbichi umeporomoka. Hawakupata kingine.

Mtoto akifa Udongoni, mama yake alikivunja chungu chake kidogo pale shimoni ili jina litoke kwenye mwito. Kidawa alivunja chungu, na watu walimwona akikivunja. Lakini kilikuwa chungu kingine, alichokifinyanga kwa siri. Cha Tunu alikificha chini ya kitanda. Na kila jioni, akishamwita Siwatu, aliliita la tatu kwa midomo tu, bila sauti. Alisema moyoni kwamba halimdhuru mtu.

Basi wasikilizaji wangu, mmeona. Baba alitoa jina linalong'aa. Bibi alifunga mlango. Mama hakuvunja chungu. Yawekeni hayo kando, mtayahitaji.

Miaka miwili ikapita, Kidawa akajifungua msichana mwingine. Mgeni. Jioni ile ile ya kuzaliwa kwake, Kidawa alijikongoja hadi mlangoni, akashika mwimo, akaita.

"Sikitu!"

"Nipo."

"Siwatu!"

"Nipo."

Akachezesha midomo kama kawaida yake: Tunu.

Na mbali, kwenye njia ya shimoni, sauti ndogo ikasema, "Nipo."

Kidawa aligeuka kutazama kama kuna mwingine aliyesikia. Siwatu alikuwa akila. Sikitu alikuwa amesimama na tonge mkononi, akimtazama mama yake bila kupepesa. Na yule mgeni kitandani, aliyelia tangu adhuhuri, alikuwa amenyamaza na kugeuza shingo kuelekea mlangoni. Enyi mama mlio hapa, mnajua. Mtoto wa nusu siku hageuzi shingo.

Siku iliyofuata aliita tena. Angeweza kuacha, lakini hakuacha. "Nipo," ikasema sauti, na safari hii ilikuwa karibu kidogo. Asubuhi Kidawa alikuta nyayo za udongo mbichi uani, vidole vitano vitano, ndogo. Alipima mmoja kwa shibiri yake. Ulikuwa ule ule wa mtoto wa miaka minne, haukuongezeka kwa miaka miwili. Alizifagia kabla mkwewe hajaamka. Hakuona hofu. Aliona furaha, na baadaye alipoketi peke yake ndipo furaha hiyo ikamtia hofu.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Na kila sauti ile ilipoitika, mgeni alinyamaza akageuza shingo.

Siku ya thelathini Bi Mkunde alikuwa akifagia chini ya kitanda, akakikuta chungu. Hakupiga kelele. Alikiweka katikati ya chumba, akaketi mbele yake, akangoja mpaka Kidawa na Mhina walipoingia.

"Mke wa mwanangu," alisema, "tangu lini?"

"Tangu siku ile, mama."

"Na anaitika?"

Kidawa akainamisha kichwa. "Anaitika."

Bi Mkunde alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Unadhani anakuja peke yake? Mtoto wa miaka minne haijui njia. Kuna anayemshika mkono. Kivunje."

"Siwezi, mama. Ulimfungia mlango mara moja. Mimi simfungii mara ya pili."

Maneno yale yalimchoma bibi, kwa sababu yalikuwa kweli. Kisha akasema, "Basi tumpe huyu mgeni jina la kumficha, awe pamoja na wenzake. Sikitu, Siwatu, Sijaona. Sikilizeni linavyokaa. Mwenye Shimo akimtafuta, jina lenyewe litamjibu."

"Hapana," akasema Mhina. "Aitwe Tunu. Jina likiwa na mwenyewe ndani ya nyumba, huyo wa nje hatakuwa na la kuitikia. Atapumzika. Na mimi nitapata kuita Tunu tena, akaja mtu kweli."

Kidawa akakivuta chungu kwake. "Na yeye, baba Sikitu? Atabaki huko bila hata jina?"

Walibishana siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Ni majina mawili tu, na nyumba nzima ikawa haina amani.

Siku ya thelathini na nane, jua likiwa kilimani, Kidawa alisimama kizingitini. Hata kabla hajafungua mdomo, kutoka pale walipochomea vyungu ikasikika sauti ikiita.

"Sikitu!"

Ilikuwa sauti yake Kidawa. Ilikuwa na mikwaruzo yake, na namna yake ya kuvuta mwisho wa neno. Watoto wakaangalia midomo ya mama yao, wakaona imefungwa, wakanyamaza.

"Siwatu!"

Kimya.

"Tunu!"

"Nipo," ikasema sauti ndogo.

Kisha ikasikika pumzi ikivutwa, ndefu, ya mtu anayetafuta jina la nne.

Kidawa akakimbilia kitandani. Mgeni alikuwa baridi. Alimshika mkono, na vidole vyake vilipoachia, mabonyeo yalibaki kwenye mkono wa mtoto, kama katika udongo ambao haujaona moto. Akapiga ukelele.

Mhina alichukua kinga cha moto mekoni, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka pale pa kuchomea. Walimwona akisimama, akiongea na upande usio na mtu.

"Unatafuta jina?" alisema. "Chukua langu. Ni jina la mtu mzima, limeitwa miaka arobaini. Mwache mtoto."

Kinga kikazimika mkononi mwake. Ndani ya nyumba joto likamrudia mtoto, na mabonyeo yakajaa polepole. Kidawa alilia kwa shukrani, akamkimbilia mumewe uani.

"Mhina!" aliita. "Mhina!"

Mumewe alipita bila kugeuka. Akamshika bega, ndipo akamtazama.

"Unamwita nani?" aliuliza.

Tangu jioni ile jina lake halikumwingia sikioni. Watu walimwita wakachoka. Aligeuka tu akiitwa baba Sikitu. Jina la watoto wake ndilo alilobakiwa nalo.

Siku ya thelathini na tisa sauti ikaita kutoka kwenye jiwe la kusagia, chini ya dirisha. Sikitu. Siwatu. Tunu. "Nipo." Na ile pumzi tena, karibu sana, hata pazia la ukindu likavutwa nje.

Mtoto akaanza kulegea mikononi mwa Kidawa. Safari hii Bi Mkunde ndiye aliyenyanyuka. Pembeni ulikuwepo mtungi mkubwa ambao Kidawa aliufinyanga wiki ile, mbichi, haujachomwa. Bibi alimchukua mgeni akamweka ndani, akafunika kwa ungo.

"Udongo ndani ya udongo," alinong'ona. "Atafute apendavyo, hatamwona."

Kisha akajitupa kitandani mahali pa mtoto, akajifunika kanga yake, akajikunja akawa mdogo kadiri alivyoweza. Msicheke. Bibi yule alikuwa na mwili.

Mkono ukaingia dirishani. Waliuona wote. Ulikuwa umelowa, na vidole vilikuwa virefu kuliko inavyopasa. Ulipapasa kitanda mpaka ukafika usoni mwa bibi. Ukamgusa paji, pua, kidevu, taratibu, kama mfinyanzi anavyokagua mdomo wa chungu. Kisha kidole gumba kikapita juu ya jicho moja, kikalisawazisha. Kikapita juu ya la pili. Bibi hakutoa sauti. Mkono ukarudi ulikotoka.

Walipowasha taa walimwona Bi Mkunde ameketi, amefumbua macho, na macho yalikuwa meupe pe.

"Mtoto mzima?" aliuliza.

"Mzima, mama."

"Nileteeni nimpakate. Kumwona ndiyo basi tena."

Kidawa alimpa mtoto, akampigia magoti mwanamke ambaye yeye alimng'ata mkono miaka miwili nyuma. Chuki yote ilimtoka jioni ile. Akatamani aipate tena, maana bila chuki hiyo kilichobaki kilikuwa kosa lake mwenyewe, na chungu chini ya kitanda.

Ikafika siku ya arobaini.

Asubuhi majirani walileta uji na kanga, wakauliza jina, wakaondoka bila jina, wakitazamana. Mchana majina yale mawili yakapambana tena. Alasiri ikaingia, kisha jua likaanza kuteremka, na mpaka hapo hakuna aliyekubali.

Kidawa akasimama kizingitini, mlango umeegeshwa nusu. Baba Sikitu alishika komeo. Bi Mkunde aliketi karibu, uso juu, akisikiliza. Nyuma ya mlango Sikitu alichuchumaa na mgeni mapajani, Siwatu akiwa amemshika nguo.

Kidawa akaita. Sikitu, nipo. Siwatu, nipo. Akachezesha midomo: Tunu.

"Nipo," ikasema sauti ndogo. Safari hii ilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa mlango. Kidawa alisikia harufu ya udongo mbichi na ya nywele za mtoto zilizolowa. Angenyosha mkono angemgusa. Aliuma kanga yake asinyoshe.

Juu ya kichwa kile asichokiona, kwa urefu wa mtu mzima, sauti yake mwenyewe ikaita jina la nne.

Jina gani? Hapo ndipo hadithi inapomshinda kila anayeisimulia. Walilisikia wote, na hakuna aliyelikamata. Liliwapita masikioni kama neno la mtu anayeongea akiwa ndani ya maji. Lakini mgeni alilijua. Mtoto wa siku arobaini alifumbua macho, akaweka midomo yake pamoja, tayari kuitika. Sikitu akamziba mdomo kwa kiganja. Midomo ikaendelea kusukuma chini ya kiganja.

Na nje, kabla mgeni hajatoa sauti, ile sauti ndogo ikasema kwa haraka:

"Nipo. Ni mimi. Twende."

Kisha zikasikika hatua, nzito na nyepesi, nzito na nyepesi, zikitoka uani, zikipita jiwe la kusagia, zikipita pa kuchomea vyungu, zikishika njia ya shimoni. Mgeni akaanza kulia, kilio cha njaa, cha mtoto wa watu. Kidawa naye alilia kwa sauti, hakujali nani anamsikia. Mwanawe alikwenda mara ya pili, na safari hii alikwenda kwa kujua.

Jua lilikuwa limebaki upana wa kidole juu ya kilima.

"Mama Sikitu," akasema mumewe, "mpe jina upesi. Mimi nimetoa la kwangu kwa ajili yake. Barabarani siitwi tena, nimebaki baba wa watoto wangu tu. Basi nami nipewe jina hili moja. Aitwe Tunu. Yule ameitikia jina jingine sasa, la Tunu ameliacha mlangoni. Tulichukue, lisipotee. Nami ndiye niliyelitoa siku ya kwanza, nikakosea. Niache nilitoe vizuri."

"Asiitwe Tunu!" akasema Bi Mkunde. "Macho yangu nimeyatoa ili huyu asionekane, nanyi mnataka kumwashia taa ile ile? Kweli nilifunga mlango. Kila siku naufunga tena moyoni mwangu, hamjui tu. Lakini waliomo ndani kwa sababu ya majina yangu ni wawili, na wako hai. Mwenye Shimo ataligundua kosa lake, atarudi. Aitwe Sijaona, afanane na ndugu zake, apite salama."

"Bibi," akasema Sikitu. "Baba."

Wakamgeukia. Msichana yule alikuwa bado amechuchumaa, mtoto mapajani.

"Tunu kaniambia jina. Kabla hawajaondoka. Kaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, hapa, kaninong'oneza. Anasema mtoto aitwe Hidaya. Anasema sisi tuko wawili tunaofanana, mimi na Siwatu, na yeye yuko peke yake siku zote. Anasema Tunu na Hidaya ni kitu kimoja. Tukiwa wawili na wao wawili, mwito hautamkwama mama tena. Na anasema yeye kamwokoa, kwa hiyo ni haki yake."

Kidawa akampokea mtoto, akamweka begani. Ni kweli, jina la tatu lilimkwama mdomoni siku zote. Nani angejua hilo, kama si mtoto aliyesimama nje akiliitikia kila jioni?

Lakini Bi Mkunde alikuwa ameinua mkono.

"Mjukuu wangu," alisema taratibu, "ilikuwa sauti ya Tunu?"

"Ilikuwa yake, bibi."

"Na juzi iliyoita kutoka pa kuchomea vyungu, ilikuwa sauti ya nani?"

Sikitu akamtazama mama yake. "Ya mama," alisema.

"Anayeweza kuazima ya mama, atashindwa ya mtoto? Utajuaje kwamba Hidaya si lile lile jina la nne, tulilolisikia tusilikamate? Akili yako, mama Sikitu. Ukilitamka wewe kizingitini, hatakuwa na haja ya kuita tena."

"Na kama ni Tunu kweli?" akauliza Kidawa. "Kaja siku arobaini, kakaa mbele ya mlango ambao hatukumfungulia, kajitoa kwa ajili ya mdogo wake, kaomba kitu kimoja tu. Nimnyime na hicho?"

Baba Sikitu akaliweka komeo tayari.

Jua likabaki upana wa ukucha.

Kidawa alisimama kizingitini na mtoto begani. Alijua asemapo Tunu, wa nje hatakuwa na jina la kurudia kwao. Alijua asemapo Sijaona, atafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na chungu kile itabidi kivunjwe. Alijua asemapo Hidaya, amemsikiliza mwanawe, au amempa Mwenye Shimo mtoto wa pili. Na alijua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kuchagua kwa mapenzi yake, maana ni midomo yake iliyoifungua njia. Kazi yake ilikuwa kuita tu.

Akajaza pumzi.

"Sikitu!"

"Nipo."

"Siwatu!"

"Nipo."

Kule shimoni palikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Mimi niliyesimuliwa, nilisimuliwa mpaka hapo, na aliyenisimulia aliinuka akaenda kukagua mlango wake. Haya, sasa ni zamu yenu. Baba alitoa jina lake. Bibi alitoa macho yake. Mtoto wa shimoni alitoa nafasi yake ya kurudi nyumbani, kama kweli ni yeye aliyenong'ona kwenye ufa wa mlango. Jibuni mmoja mmoja, na kila mtu ajibu kwa sauti yake mwenyewe, niitambue. Fanyeni upesi, mama yuko mlangoni na jua linazama. Je, nani alistahili kumpa mgeni jina?